Kijana wangu ataka kuwa kipa wa hoki ya barafu na kuna mtu ataka dola 2,500, nitoe?

"Assalam aleikum daktari. Tunakaa Ganjoni, mwanangu ana miaka 15, ni kipa wa hoki ya magongo shuleni na jioni yuwateleza na viatu vya magurudumu pale Mama Ngina na wenzake. Tangu mwaka jana haongei kingine ila kuwa kipa wa hoki ya barafu, yuwaangalia video usiku kucha, ati kule makipa hulipwa mamilioni. Wenzake wasema ana macho, hakuna mpira unampita. Sasa kuna mtu amempata mtandaoni yuwajiita ajenti, asema atamtafutia nafasi kwa akademi Kanada, ataka dola 2,500 za usajili kabla mwezi uishe. Babake ni baharia, yuko safarini, asema tutoe tu mtoto asije akatulaumu. Mimi moyo wangu hautaki lakini pia sitaki kumvunja. Je, hii ni kazi kweli? Amechelewa? Na hizo pesa nitoe? Halafu kuna hili, sijui kama lahusika, chumbani mwake hujiangusha kwa magoti kwenye vigae kama wale wa kwenye video, na siku hizi alalamika kinena cha kulia, akiamka asubuhi atembea kama mzee mpaka mguu upate moto."

Waaleikum salaam mama. Umeniuliza maswali matatu, halafu la nne ukalitupa mwishoni ukasema hujui kama lahusika. Mimi naanza na hilo hilo, manake katika yote uliyoandika ndilo peke yake lenye haraka. Ajenti atangoja na Kanada haiendi popote, lakini kinena cha mtoto wa miaka 15 anayeamka akichechemea hakiwekwi mpaka mwisho wa mwezi.

Mimi ni fizio, hilo la daktari nalipokea kwa heshima tu. Kabla nirudi Mombasa nilifanya kazi Ufini na klabu za hoki za madaraja ya chini, zile ambazo kipa mchana yuko dukani anauza misumari na jioni ndio anavaa pedi, na katika timu nzima waliokuwa hawakauki kwenye kitanda changu ni makipa. Wachezaji wengine walikuja na bega, kidole, meno. Makipa walikuja na nyonga, wiki hii ya kulia, wiki ijayo ya kushoto.

Tuelewane kwanza nyonga imekaa vipi. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kimeingia ndani ya kikombe, na ukingo wa hicho kikombe umezungushiwa gegedu laini linaloshika mambo pahali pake. Fikiria kinu na mchi. Mchi ukisimama wima hauna shida, lakini ukiulaza sana upande mmoja shina lake linagonga mdomo wa kinu. Sasa ule mtindo mwanao anaouiga kwenye vigae, wanauita kipepeo, ni kujiangusha kwa magoti yote mawili kwa pamoja huku miguu kuanzia gotini imefunguka kulia na kushoto, pedi zinalala chini na kuziba upana wa goli. Ili miguu ifunguke hivo, paja lazima lijizungushe kwa ndani wakati nyonga imekunjwa, na hapo ndipo mchi unapogonga mdomo wa kinu. Kwa mtu mzima ikirudiwa miaka na miaka, gegedu huchanika. Kwa mtoto kuna jingine zaidi, mfupa wake bado unakua, pale karibu na kichwa cha paja kuna sehemu ya ukuaji ambayo haijakomaa, na ikisukumwasukumwa kila siku mfupa hujibu kwa kuota kinundu shingoni mwa paja, na kinundu hicho sasa ndicho kinazidisha kule kugonga. Jambo hili limeonekana sana kwa vijana wanaocheza hoki ya barafu, na makipa ndio zaidi.

Na hata wale wakubwa halijawaacha. Kipa Rick DiPietro alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2000 kwenye drafti, pale timu za NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huchagua vijana wapya, na 2006 akapewa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5, nyonga na magoti vikamkataa, ikifika 2013 timu yake ikamlipa iachane naye. Tuukka Rask, Mfini, kipa wa Boston na mmoja wa bora wa kizazi chake, alifanyiwa upasuaji wa gegedu la nyonga 2021, akarudi Januari 2022, akacheza mechi nne, Februari akastaafu. Hawa ni watu wenye madaktari wao, mashine zao na mtu wa kuwanyoosha kila asubuhi. Mwanao ana vigae na YouTube.

Lakini hilo la gegedu silo linalonifanya nikuharakishe. Wavulana wa umri huu, kuanzia kama miaka 10 mpaka 16 hivi, wakati wanarefuka kwa kasi, kuna wakati kile kichwa cha mfupa wa paja huanza kuteleza polepole kutoka kwenye shingo yake kupitia hio sehemu ya ukuaji. Huwapata zaidi watoto wenye uzito mkubwa lakini wembamba pia huwapata. Na dalili zake ndizo hizo hizo ulizoandika: kinena, au paja, na wakati mwingine goti peke yake mpaka watu wanahangaika na goti miezi wakati ugonjwa uko juu, na kuchechemea. Ikigunduliwa mapema hutiwa skrubu na mtoto akaendelea na maisha yake. Ikiachwa, damu inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika, na hapo tunazungumzia nyonga iliyokufa kwa kijana wa shule.

Sisemi ndio anayo. Sijamuona, na huenda ni msuli wa kinena tu umevutika, ndio jambo la kawaida zaidi. Nasema hakuna mtu atakayekuambia kwa simu ama kwa kuandikiana, mimi nikiwemo. Mpeleke apigwe eksirei ya nyonga zote mbili, si ya kulia peke yake, na uwaambie wazi wapige picha mbili, moja ya kawaida ya mbele na moja magoti yakiwa yamefunguliwa mkao wa chura, manake ile ya mbele peke yake inaweza kukosa mtelezo mdogo. Hospitali kuu hapo Makadara kuna kliniki ya mifupa, wanayajua haya. Na ikiwa kwenu kwenye ukoo kuna siko seli, hata kama mtoto hajawahi kuugua sana, mtajie daktari kabla hajakuuliza, kwa sababu siko seli nayo hula kichwa cha mfupa wa paja na huku kwetu Pwani familia zilizo nayo si chache. Akishindwa kabisa kukanyaga mguu, au kinena kikija na homa, hapo mama usingoje kliniki, nenda kwa dharura usiku huo huo.

Mpaka eksirei ipatikane, hakuna kujiangusha, hakuna viatu vya magurudumu, hakuna mbio. Na tafadhali usimpeleke kwa mchuaji. Najua kila mtaa una mama mwenye mikono ya baraka na mafuta ya nazi ya moto, na kwa mgongo wa mtu mzima sina neno, lakini nyonga ya mtoto ambayo hatujui ndani kuna nini haivutwi wala haikandwi.

Haya, sasa hilo la macho.

Wenzake wasema hakuna mpira unampita kwa sababu ana macho, na ni kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akimwangalia kipa. Hebu tupige hesabu. Paki, ile wanayocheza nayo kwenye barafu, ni kisahani cha mpira mgumu mweusi, upana sentimita 7.6, unene 2.5, uzito kati ya gramu 156 na 170, karibu sawa kabisa na mpira wa magongo ambao mwanao tayari anaujua, na kabla ya mechi hugandishwa kwa friza ili isidundedunde. Ikipigwa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa kutoka mita 10, inafika golini kwa kama robo sekunde. Na binadamu, awe na macho ya namna gani, tangu aone kitu mpaka mwili uanze kusonga, kama moja ya tano ya sekunde ishakwenda. Kilichobaki hapo hakitoshi hata kuinua mkono wenye glovu nzito. Yani kipa anayengoja aone paki ndio aruke ashafungwa.

Kinachomwokoa ni kwamba alikuwa pahali pake kabla shuti halijapigwa. Goli lina upana wa mita 1.83 na urefu wa 1.22, si kubwa, na kipa mwenye pedi akitoka mbele hatua moja mbili, yule mpigaji anaona tundu dogo sana huku na kule. Akiwa pahali pake, paki inamgonga yeye. Ndio maana kipa mzuri kwa mtu asiyejua huonekana hana kazi, amesimama tu vitu vinamgonga kifuani, na yule anayeruka kila dakika watu wakampigia makofi mara nyingi anaruka kwa sababu alikuwa amechelewa kufika. Na hata macho yenyewe kazi yake iko kabla: watafiti waliovalisha makipa vifaa vya kufuata macho waliona kwamba wanaookoa huwa wameshakazia paki na ncha ya gongo mapema, kabla haijapigwa. Video zinaonyesha ile ya kuruka kwa sababu ndio tamu. Ile ya kusukuma mguu nusu hatua kushoto hakuna anayeiwekea muziki.

Na hio nusu hatua, mama, ndio kazi yote. Kipa wa barafu hapigi hatua kama sisi. Anasukuma kwa ukingo wa chuma wa kiatu kimoja, anateleza ubavu, anasimama pale pale anapotaka, na anafanya hivo hivo akiwa chini kwa magoti. Nilikuwa nikiwaangalia Ufini asubuhi, kipa peke yake uwanjani, hakuna paki, hakuna mpigaji, anasukuma kutoka nguzo moja hadi nyingine, anasimama, anarudi, kocha anatazama miguu tu. Nusu saa nzima. Magurudumu hayakufundishi hilo kwa sababu hayatelezi ubavu, yanashika. Mwanao ana usawa wa mwili, hilo nakubali, ana ujasiri wa kusimama mbele ya kitu kigumu, na kusoma gongo la mpigaji atakuwa amejifunza kwenye magongo. Ila miguu ya barafu hana, na si kosa lake, Mombasa hakuna barafu isipokuwa ya kwenye soda.

Umeuliza kama ni kazi kweli. Ni kazi kweli, na kule juu inalipa vizuri kupita kiasi. Msimu wa 2025-26 mshahara wa chini kabisa NHL ulikuwa dola 775,000, na Igor Shesterkin wa New York Rangers alitia sahihi Desemba 2024 mkataba wa miaka minane wa dola milioni 92. Hizo ndizo mwanao ameziona. Ambacho hajaona ni hesabu ya viti. NHL ina timu 32 na kila timu kwa kawaida hubeba makipa wawili. Ni kama viti 64 dunia nzima, na jioni moja anacheza mmoja tu. Mshambuliaji akishindwa kuingia safu ya kwanza anawekwa ya tatu, ya nne, atacheza dakika zake. Kipa wa pili hana safu ya nne. Anakaa mwisho wa benchi na kofia ya timu kichwani, anafungua kile kimlango wenzake wakitoka na kuingia, na kuna wiki hafanyi kingine zaidi ya hicho na mazoezi.

Chini ya NHL kuna ligi nyingine Marekani na Kanada, AHL halafu ECHL, na huko ECHL mchezaji analipwa dola mia kadhaa kwa wiki, msimu ukiisha anatafuta kibarua. Ulaya kuna Uswidi, Ufini, Ucheki, Uswisi, Ujerumani, maisha mazuri kwa wachache na ya kawaida kwa wengi. Na kipa hukomaa polepole kuliko wote, ndio maana maskauti huwakosea sana. Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000. Pekka Rinne, Mfini, wa 258 mwaka 2004, na 2018 akapewa tuzo ya kipa bora wa NHL. Dominik Hašek alichaguliwa 1983, akaingia NHL msimu wa 1990-91 akiwa na miaka 25 na ushee, na akaja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima mara mbili mfululizo, 1997 na 1998, jambo ambalo makipa hawapewi kirahisi. Tim Thomas alizunguka ligi ndogo na Ulaya miaka, akachukua kombe na Boston 2011 akiwa na 37. Ni hadithi za kutia moyo, lakini zisome na upande wa pili: wote hao waliishi miaka mingi hawajui kama kesho wana kazi. Na wote walikua kwenye barafu.

Sizungumzii hata roho. Glenn Hall alicheza mechi 502 za msimu mfululizo bila kukosa hata moja, na alikuwa akitapika kabla ya mechi kwa wasiwasi. Alizicheza zote bila maski, manake Jacques Plante ndiye aliyeanza kuivaa kila mechi, kuanzia Novemba 1959 baada ya kupasuliwa uso, na kocha wake hakutaka. Siku hizi uso umefunikwa vizuri, hilo lisikukoseshe usingizi. Kichwa ndani ya maski ndio kazi. Goli likiingia, taa nyekundu inawashwa nyuma yako na uwanja mzima unakuangalia wewe, hata kama ni beki ndiye aliyelala.

Basi, amechelewa? Nikujibu kama ningemjibu dadangu: kwa NHL na ligi kubwa za Ulaya, ndio, amechelewa, na si kidogo. Wenzake wa miaka 15 kule wako kwenye barafu tangu wana miaka minne mitano, na wengi wa hao hao hawatafika. Wa miaka 16 wanaingia ligi za vijana Kanada ambazo tayari zinachuja, na wa 18 wanangoja drafti ambayo inachukua vijana 224 wa dunia nzima, makipa wakiwa sehemu ndogo tu. Mtu akikuambia mtoto ambaye hajawahi kusimama kwenye barafu ataingia hapo kwa bidii peke yake, huyo hajui au anataka kitu kwako.

Ila asije akadhani ni rangi ama ni Uafrika ndio umemfungia. Grant Fuhr, Mkanada mweusi, alikuwa kipa wa timu ya Edmonton iliyochukua makombe matano ya NHL kati ya 1984 na 1990, na 2003 akaingizwa kwenye jumba la magwiji wa hoki. Kilichomkosesha mwanao ni barafu tu.

Na kucheza hajachelewa hata kidogo, hapo ndipo wengi huchanganya. David Ayres alikuwa na miaka 42, na figo aliyopewa na mamake, kazi yake ikiwa kwenye viwanja, kuendesha ile mashine ya kulainisha barafu, na Februari 22, 2020 makipa wote wawili wa Carolina, timu ya NHL, waliumia mechi moja pale Toronto, akavalishwa yeye kama kipa wa dharura na akashinda. Alikuwa anacheza kwa mapenzi tu miaka yote. Sisi hapa Kenya tuna Ice Lions, wanafanya mazoezi kwenye kiwanja cha Hoteli ya Panari, Nairobi, kilichofunguliwa 2005, kidogo kuliko kiwanja cha kawaida lakini ni barafu. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikaingizwa kwenye shirikisho la kimataifa, IIHF. Hio ni timu ambayo kijana wa Ganjoni anaweza kuiota bila kudanganywa na mtu. Panari iko Barabara ya Mombasa yenyewe, unashuka treni ya SGR pale Syokimau na hujafika mbali. Piga simu kwanza uhakikishe barafu iko na uulize lini vijana wanafanya mazoezi, halafu likizo moja, eksirei ikiwa safi, mpeleke akanyage. Nakuambia ukweli, dakika ya kwanza ataanguka kifudifudi. Ataka kurudi ama hataki, utamjua hapo hapo, na nauli ya treni ni ndogo mno ukilinganisha na dola 2,500.

Na magongo asiyaache. Najua hayana pesa, kusema kweli hoki ya magongo Kenya karibu haina pesa kabisa, mtu huipata kwa mlango wa pembeni, kama timu ya polisi ambayo inakupa ajira ya polisi, ama chuo kikuu kinachotaka kipa. Lakini nchi hii ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la 1971, hatukuanza jana, na Mombasa Sports Club hapo hoki ni ya miaka. Kipa wa magongo aliyefundishwa vizuri ana kocha anayemuona, ana mechi wikendi, na nyonga yake haigongwi namna ile. Kwa sasa hicho ndicho kitu halisi alicho nacho, na kama anataka kazi ndani ya michezo kuna njia nyingine pia, hii yangu mojawapo, ambazo hazimtaki awe amezaliwa karibu na ziwa lililoganda.

Nimeziacha pesa mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Usitoe.

Ajenti halali wa wachezaji wa NHL husajiliwa na chama cha wachezaji, NHLPA, na hula asilimia kwa mkataba mchezaji akishalipwa. Hamtozi mama wa mtoto usajili. Akademi za kweli za hoki Kanada zipo, nyingi ni shule za bweni, na ada yake ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, bado hujanunua vifaa vya kipa ambavyo vipya peke yake ni maelfu ya dola na uzito wake ni kama wa galoni ya maji ya lita 20. Kwa hivyo hata kama huyu mtu angekuwa mkweli, hizo 2,500 hazinunui kitu, ni za kufungua mlango wa kuombwa nyingine. Utasikia bado viza, bado bima, bado tiketi. Na kingine, mtoto akienda kusoma Kanada zaidi ya miezi sita anahitaji kibali cha masomo, kibali hakitoki bila barua ya kukubaliwa kutoka shule yenyewe, na kwa umri wake akienda bila mzazi lazima kuwe na mtu mzima wa kule aliyekubali kisheria kuwa mlezi wake. Huyu ajenti amewatajia shule? Amewatajia mlezi? Na ameona nini, video ya simu ya mtoto akiteleza na magurudumu Mama Ngina? Hakuna anayemkadiria kipa wa barafu kwa hio.

Babake naelewa anakotoka. Mtu yuko baharini miezi, mtoto anaomba kitu kimoja, kusema hapana kwa simu ni kugumu, na kutoa pesa ni rahisi kuliko kueleza. Mwambie hajaombwa akatae ndoto. Mwambie sehemu ya hizo pesa iende kwa eksirei na daktari wa mifupa, nyingine iende kwa safari ya Panari na maski na pedi za magongo za saizi yake, na mabaki yabaki mfukoni mwake.

Mtoto naye usimkataze kwa ukali, atajificha na simu na atamtumia huyo mtu picha za pasipoti. Kaa naye, mwache aandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, maswali manne: jina kamili la shule na simu yake ya ofisi, jina la kocha wa makipa pale, kama amesajiliwa kuwa ajenti huko NHLPA, na kwa nini pesa zinaenda kwa mtu badala ya akaunti ya shule. Halafu ile simu ya ofisi msiitumie kama alivyoitoa, itafuteni wenyewe kwenye tovuti ya hio shule, mpigeni jioni ya hapa ambayo kwao ni asubuhi, muulize kama wanamjua. Akianza kukasirika, ama aseme nafasi inaondoka leo usiku, mwache mtoto aisome hio meseji mwenyewe kabla hujamwambia lolote.